Gesi ya Tope la Majitaka katika Baridi ya Mbeya

Ndugu zangu, habari za jioni. Najua mada hii haitajwi karibu na saa ya chakula, mtanivumilia.

Majitaka yakituama, kinachozama ndicho tope, na nishati imo humo. Lifungie kwenye tangi lisiloingiza hewa siku 20 hivi, katika joto la nyuzi 35, na bakteria watageuza sehemu yake kuwa gesi. Karibu theluthi mbili ya gesi hiyo ni methani, inayowaka. Mtambo wa Strass, Austria, ulianza kuzalisha umeme kuzidi mahitaji yake mwaka 2005.

Tuje kwetu. Mimi nasema joto kwanza, umeme baadaye. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na bakteria hawa wakipata baridi hiyo huzubaa. Basi gesi ya mwanzo ipashe tangi lenyewe. Ukiwa na jenereta, theluthi moja hivi ya nishati inatoka kama umeme, na maji yaliyopoza injini unayazungusha tangini.

Tupige hesabu. Mtu aliyeunganishwa na bomba la majitaka huchangia takriban lita 20 za gesi kwa siku. Watu 10,000 ni mita za ujazo 200, yaani uniti 400 hivi za umeme. Wastani wa kilowati 17 usiku na mchana. Zinasukuma pampu za mtambo. Anayeota kuiuzia Tanesco, aamke.

Na wengi wetu hatuna hilo bomba, tuna shimo. Tope lililokaa shimoni miaka limeshaoza humo humo. Gari la kunyonya likilileta, gesi ilishatoroka. Hapo ndipo ninapolitazama soko la Mwanjelwa: kabichi zilizooza, maganda ya ndizi, maparachichi yaliyopondeka, pamoja na uchafu wa matumbo kutoka machinjioni. Changanya na tope, gesi huongezeka. Ila mifuko itolewe kwanza, maana husonga pampu.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu harufu ya mayai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi: ni sumu, na hula injini. Pitisha gesi kwenye vyuma vyembamba vyenye kutu, kutu itainasa. Vikichoka, vianikwe nje taratibu, mbali na gesi, kwa kuwa vikikutana na hewa hupata moto mkali.