Weusi wa Kifusi Si Rutuba

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nitasema yale yale. Nitaacha siku ripoti za kupima kifusi cha migodi zitakapoacha kuandikwa vile vile.

Kifusi cha migodi ya makaa ya mawe katika nchi za baridi kinaweza kugeuzwa udongo wa kuoteshea mimea? Kinaweza. Huko Kuzbass, kusini-magharibi mwa Siberia, huchimbwa karibu tani milioni 200 za makaa kwa mwaka, sehemu kubwa katika mashimo ya wazi, na kuyafikia makaa lazima kwanza uondoe mlima wa mawe. Tangu enzi za Wasovieti vilima vya kifusi hicho vimepandwa misonobari na vichaka vya miiba viitwavyo oblepikha, na vingine leo ni msitu kabisa. Kwa hiyo anayesema inawezekana sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yule anayesema: kifusi ni cheusi, kina kaboni tele, basi kina rutuba.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwanafunzi anachukua sampuli, anaipeleka maabara, anarudi anachekelea: “Mwalimu, kaboni asilimia nane! Shamba la baba halifiki mbili.” Namuuliza, umepima kwa njia gani? Ya Walkley na Black. Sawa, njia hiyo imetumika tangu 1934, na maabara nyingi za kwetu bado zinaitegemea. Unatia kemikali iitwayo dikromati pamoja na tindikali kali, kaboni inaungua, unahesabu. Lakini dikromati haibagui. Inaunguza mboji, na inaunguza vumbi la makaa pia, walau sehemu yake. Ukihamia kwenye kupima kwa tanuri ndiyo umeharibu zaidi, kwa sababu tanuri linaunguza yote. Kwa hiyo hiyo asilimia nane ni makaa yenye umri wa miaka milioni 250 na zaidi, na bakteria wa udongo hawana meno ya kuyatafuna. Ni ghala lililojaa mahindi na ufunguo umetupwa ziwani.

Basi, anasema, tupime naitrojeni. Pima. Nayo itakudanganya! Makaa yana naitrojeni yake, wakati mwingine asilimia moja au zaidi, ila imefungwa ndani ya pete za kaboni na mzizi hauipati. Ripoti inasema chakula kipo, mche unageuka njano. Pima amonia na naitrati, yaani kile ambacho mmea unaweza kukinywa leo. Hapo tutazungumza.

Najua kuna mtu kule nyuma ananong’ona, “Na humati je, ile mbolea ya chupa? Si zinatengenezwa kwa makaa?” Zinatengenezwa, ndiyo, hasa kwa makaa ya kahawia yaliyokwisha kuharibiwa na hewa, tena baada ya kutiwa alkali kiwandani. Usichukue chupa ya dukani ukaifanya ushahidi wa mlima wa mawe.

Na kama hamniamini mimi, waangalieni wachimbaji wenyewe. Pyramiden, katika visiwa vya Svalbard vya Norwe, karibu digrii 79 kaskazini, ulikuwa mji wa migodi wa Wasovieti. Makaa yapo, kifusi kipo. Walipotaka bustani ya majani katikati ya mji, udongo waliuleta kwa meli kutoka bara! Mgodi ulifungwa 1998, watu wakaondoka, majani yakabaki. Watu walioishi na weusi ule usiku na mchana hawakuupandia.

Sasa baridi. Katika nchi ya joto vijidudu vingefanya kazi mwaka mzima na taratibu udongo ungejijenga. Siberia ardhi imeganda miezi mingi, kwa hiyo naitrojeni lazima uilete wewe: mboji, au tope la majitaka lililosafishwa, au mmea unaoivuta kutoka hewani. Ndiyo maana ya oblepikha. Si jamii ya mikunde, lakini mizizi yake ina vinundu vya bakteria wa Frankia, na inavumilia mawe na baridi.

Mtasema weusi unavuta jua, si faida hiyo kwenye baridi? Wakati theluji inayeyuka, ndiyo. Mwezi Julai uso wa kifusi hupata moto kiasi cha kuunguza miche shingoni. Huko huko Siberia! Tandaza majani makavu juu yake.

Muda unanikimbia, na pirite ndiyo hatari kuliko yote. Ni madini ya chuma na salfa yanayokuwa ndani ya kifusi. Yakikutana na hewa na maji yanatoa tindikali na joto. Svalbard kuna malundo ambayo ndani hayagandi ingawa ardhi ya pembeni ni barafu ya kudumu, na maji yanayotoka chini yake yameua mimea ya bondeni. Kwa hiyo salfa ipimwe kabla ya mbegu kununuliwa, na chokaa ya kuzima tindikali ihesabiwe kwa tindikali itakayokuja, si kwa ile iliyopo leo tu.

Metali nzito kwenye matunda ya oblepikha sijazigusa. Wala sheria ya Svalbard inayokataza kupanda mimea ya kigeni nje bila kibali, ambayo inavuruga mipango mingi mizuri. Wa migodi ya makaa ya kwetu Tanzania, Ngaka na Kiwira, nyinyi baridi ya namna hiyo hamna, lakini njia ya Walkley na Black mnayo, kwa hiyo msijione mmepona. Karibuni maswali. La humati nimeshalijibu.