Milima ya kifusi na migodi ya makaa: namna ya kutembea Lens, Loos-en-Gohelle na Lewarde, kaskazini mwa Ufaransa

Haya jamani, karibuni tena. Wazee mnaotazama na wajukuu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi. Leo tupo Loos-en-Gohelle, nje kidogo ya mji wa Lens, kule juu kabisa kwenye ramani ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Hiyo milima miwili myeusi nyuma yangu si ya asili. Ni kifusi. Mawe yote hayo yalipandishwa kutoka ardhini pamoja na makaa ya mawe, yakachambuliwa, makaa yakaenda kuuzwa na mawe yakamwagwa hapa mpaka kilele kikafika mita 186 kutoka usawa wa bahari. Vibao vyao vinaandika "terril". Ndugu zetu wa Lubumbashi hawahitaji maelezo, terili wanayo pale mjini pembeni ya lile bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, ila ile ni masalia ya kuyeyushia shaba. Hii ni miamba iliyovunjwa tu.

Nianze na ushauri, maana ndio sababu ya video hii. Wageni wengi hushuka Lens asubuhi, wakaingia makumbusho ya Louvre-Lens, wakapiga picha mbili tatu, jioni wakarudi Paris. Jumba wameliona, eneo hawajaliona. Pangeni siku mbili, na mpange kinyume: mgodi wa makumbusho wa Lewarde kwanza, terili baadaye, Louvre-Lens mwisho. Ukipanda mlima huu bila kuelewa mgodi ulivyofanya kazi, utaona mlima tu, tena mfupi. Mtu wa Moshi atacheka.

Historia kwa ufupi. Makaa yaligunduliwa Fresnes-sur-Escaut mwaka 1720, na uchimbaji ukaenea magharibi kwenye ukanda wa kilomita kama 120. Shimo la mwisho lilifungwa Oignies tarehe 21 Desemba 1990. Mwaka 2012 UNESCO ikauweka ukanda huu kwenye orodha ya urithi wa dunia, sehemu 109 kwa pamoja: mashimo, terili, vijiji vya wachimbaji, shule, makanisa, mpaka njia za reli ya makaa. Na msishangae minara mingi ya migodi kuwa ya miaka ya 1920 na kuendelea. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza uwanja wa mapambano ulipita hapahapa, Lens ikabaki vifusi, na majeshi ya Ujerumani yakaijaza migodi maji. Karibu kila kitu kikajengwa upya.

Sasa Lewarde. Ipo karibu na Douai, na jina la kutafuta kwenye ramani ni Centre Historique Minier. Ni mgodi wenyewe, shimo la Delloye, uliofanya kazi kuanzia 1931 hadi 1971 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1984. Kuna sehemu unazotembea peke yako, na kuna mahandaki unayoingia na kiongozi tu. Hayo mahandaki yameundwa upya karibu na uso wa ardhi. Hamtashushwa mamia ya mita, kwa hiyo mwenye hofu ya lifti asiogope. Mashine ni za kweli na zinawashwa mbele yenu, na kelele yake kwa mtoto mdogo ni kubwa. Ziara nyingi ni za Kifaransa, basi ulizia lugha kabla ya kulipa, na utazame kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya treni, hasa Januari.

Msipite haraka chumba cha taa. Mchimbaji alikabidhiwa taa yenye namba yake, na alikuwa na kipande cha chuma chenye namba hiyohiyo. Anayeshuka huchukua taa, anayepanda huirudisha. Zamu ikiisha, ndoano iliyo tupu inamwambia msimamizi kwamba mtu fulani bado yuko chini, hata kabla hajaitwa jina. Na ile taa ya moto wa mafuta ilikuwa pia kipimo cha gesi: methani ikiingia, ulimi wa moto hurefuka na kuvaa utepe wa buluu juu yake. Mchimbaji aliyejua kazi alikuwa akiutazama moto kuliko anavyoutazama ukuta. Chumba cha kubadilishia nguo nacho, tazameni juu: nguo zinaning'inia darini kwa minyororo, kila mmoja na kufuli lake, kwa sababu kule juu ndiko kwenye joto la kuzikausha.

Ukitoka hapo, jambo moja la kuongeza kama una gari: Méricourt, kwenye kumbukumbu ya ajali ya Courrières. Tarehe 10 Machi 1906 mlipuko ulipita kwenye mahandaki ya mashimo yaliyounganishwa ukaua watu 1,099. Kilichoueneza ni vumbi la makaa. Vumbi lililotulia sakafuni halina shida, lakini mlipuko mdogo ukilitimua hewani, lenyewe linakuwa baruti, linalipuka na kutimua la mbele, na hivyo hivyo handaki baada ya handaki. Siku 20 baadaye watu 13 walitokea wakiwa hai, wakati uokoaji ulishasimamishwa zamani. Mgomo mkubwa ulifuata. Baada ya hapo ndipo mambo ya vumbi na vikosi vya uokoaji yalipoanza kuchukuliwa kwa uzito Ufaransa.

Haya, turudi hapa Loos. Mwanzo wa njia ni kwenye eneo la mashimo namba 11 na 19. Utauona mnara wa chuma wa shimo la 11 na ule mrefu wa zege wa shimo la 19. Kazi ya minara ni moja: kebo inapita juu ya gurudumu, kizimba kimoja kinapanda huku kingine kikishuka, ili vibebane uzito. Kutoka hapo hadi kileleni ni dakika 30 hadi 45 kwa mwendo wa kawaida. Tambarare yenyewe ipo juu kidogo ya bahari, kwa hiyo mnapanda kama mita 140 tu, lakini mteremko ni mkali na mwisho kuna kupumua kwa nguvu.

Viatu ndio shida ya kwanza. Jiwe hili ni bamba-bamba, linavunjika na kuteleza chini ya soli. Raba za mjini zenye soli laini zitakuangusha wakati wa kushuka, si kupanda. Vaa kiatu chenye meno, shuka kwa hatua fupi, uzito mguu wa nyuma. Shida ya pili ni upepo: chini unaona jua, juu unapigwa mpaka maikrofoni haisikiki, kama mnavyonisikia sasa. Beba koti hata Julai. Tatu, juu hakuna maji, kivuli wala choo.

Na msikate njia. Mnaona ile mifereji ubavuni? Mtu akishuka mojakwamoja, mvua inafuata alama yake, mfereji unachimbika, na zile mbegu chache zilizoanza kushika zinaondoka nao. Hapa kila mmea umepata nafasi yake kwa taabu.

Maana uhai wa hapa ndio mtamu zaidi. Jiwe jeusi linanyonya jua. Kiangazi uso wake unaweza kupita nyuzi 50 upande wa kusini, katika nchi ambayo mwezi wa pili watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Matokeo yake, mimea na wadudu wa nchi za joto wanaishi huku kaskazini. Yule panzi wa rangi ya jiwe, humwoni mpaka aruke, ndipo mabawa ya buluu yanaonekana. Mijusi wa ukutani wapo. Yale maua ya njano yenye majani membamba ni Senecio inaequidens, asili yake Afrika Kusini. Mbegu ziliingia Ulaya zimenasa kwenye sufi ya kondoo. Ni sumu kwa mifugo, lakini hapa imenawiri kuliko mimea ya asili ya hapa. Miti ile yenye magome meupe ni birch, ndiyo inayotangulia kuota, vichaka vingine vinafuata.

Mkija majira ya kuchipua, vidimbwi vya maji ya mvua chini ya terili msivikanyage wala msipitishe baiskeli. Chura aina ya calamite anataga mayai humo, mikanda mirefu kama uzi wenye shanga nyeusi, naye analindwa kisheria. Huchagua vidimbwi vinavyokauka kwa sababu humo hakuna samaki wa kula viluwiluwi.

Hatari moja lazima niiseme vizuri. Baadhi ya terili zinaungua kwa ndani. Za zamani zina makaa mengi yaliyobaki, kwa kuwa kuchambua kulikuwa hafifu, na zina madini ya salfa na chuma yanayotoa joto yakikutana na hewa na unyevu. Joto likijikusanya, makaa yanashika moto, na moto huo unaweza kukaa miaka mingi bila mwali kuonekana. Dalili zake: mvuke asubuhi za baridi, harufu ya salfa, theluji isiyoshika sehemu moja, majani mabichi wakati pembeni yote yamekauka, na mawe mekundu badala ya meusi. Ukiona uzio au kibao, usiruke. Ndani panaweza kuwa na mwanya, ukizama mguu unaungua. Mwaka 1975 terili ya Calonne-Ricouart ililipuka na kuua watu.

Vijiji vya wachimbaji navyo vitembeeni, hasa Cité des Électriciens pale Bruay-la-Buissière, iliyojengwa kuanzia 1856, ambapo mitaa ina majina ya wanasayansi wa umeme. Nyumba zilikuwa za kampuni: ukiacha kazi, unahama. Bustani kubwa nyuma haikuwa hisani tupu, mwenye kampuni alipendelea mtu alime viazi kuliko akae baa na watu wa chama cha wafanyakazi. Majina kwenye visanduku vya barua mengi ni ya Kipolandi, waliletwa kwa mkataba wa 1919, na ya Kimoroko, walioletwa miaka ya 1960 na 1970. Vijiji vingi bado watu wanaishi humo, kwa hiyo kamera usiielekeze dirishani kwa mtu. Droni, kagua kwanza ramani ya marufuku kwenye Géoportail, tovuti ya ramani ya serikali ya Ufaransa.

Wapenda maji na ndege waende Mare à Goriaux, karibu na mgodi wa Arenberg. Ardhi ilititia juu ya mahandaki, maji yakajaa, likawa ziwa. Kutitia huko ndiko kunakofanya pampu ziendelee kufanya kazi mpaka leo kwenye ukanda huu. Zikizimwa, kuna mitaa itageuka bwawa.

Usafiri: Paris Gare du Nord hadi Lens kwa TGV, treni ya kasi, ni saa moja na robo hivi, na tiketi hupanda bei kadri siku inavyokaribia. Kutoka Lille panda TER, treni ya mkoa, chini ya saa moja. Kwa Lewarde shuka Douai. Kituo cha Lens chenyewe kitazameni kwa nje, kimejengwa kwa umbo la garimoshi. Kutoka hapo hadi Louvre-Lens, iliyojengwa juu ya shimo la zamani namba 9, ni kama dakika 20 kwa miguu. Ukumbi mkuu wa mita 120 ni bure, maonyesho ya muda yanalipiwa, na Jumanne wanafunga.

Chakula: baada ya saa nane mchana jikoni nyingi hufungwa mpaka jioni, basi uliye terilini beba chako. Vibanda vya chipsi viko kila kona, lakini Waislamu na wasiokula nyama muulize kabla ya kuagiza: kwa desturi ya huku chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, si ya mimea. Na ile nyama ya kupika taratibu wanayoiita carbonade, mchuzi wake ni bia.