Kukadiria ukubwa wa matone ya mafuta ndani ya maji yenye msukosuko

Karibuni, watazamaji. Leo tutatafuta kwa hesabu ukubwa wa tone la mafuta ya nazi linaloweza kustahimili msukosuko wa maji bila kupasuka. Kujaza lita moja ya maji kwenye jagi la blenda na kumimina kijiko cha mafuta hakuhitaji maelezo. Mafuta nimeyatia manjano ili yaonekane, na kiyoyozi nimekizima makusudi, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya takriban nyuzijoto 24. Joto la Mombasa leo ni msaidizi wetu, ingawa kamera inaonyesha wazi jinsi ninavyotoka jasho.

Tutatumia nadharia iliyotolewa na mwanahisabati Mrusi Kolmogorov mwaka 1949 na kuendelezwa na mhandisi Mholanzi Hinze mwaka 1955. Mzunguko mkubwa wa maji hulibeba tone zima, kama wimbi refu libebavyo ngalawa, na mizunguko midogo mno haina nguvu ya kutosha. Inayolipasua ni ile inayokaribiana nalo kwa ukubwa, kwa sababu hiyo husukuma pande zake kwa kasi tofauti. Mvutano wa uso kati ya mafuta na maji hulirudisha tone kwenye umbo la mviringo, na uwiano wa nguvu hizo mbili ndio namba ya Weber. Hinze alikadiria kwamba tone hupasuka namba hiyo inapozidi 1.17 hivi.

Sasa andikeni kanuni ya kipenyo cha tone kubwa kabisa linaloweza kustahimili, kwa mita. Gawanyeni mvutano wa uso kwa densiti ya maji, jibu mlipandishe kwa kipeo cha 0.6, mlizidishe kwa 0.725, kisha mzidishe kwa nguvu, yaani wati, inayopotea katika kila kilo ya maji, iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 0.4.

Hapa tafadhali tulieni. Majedwali mengi hutoa mvutano wa uso kwa milinyutoni kwa mita. Geuzeni kwanza iwe nyutoni. Tukichukua 25 za jedwali, tunaandika 0.025, narudia, 0.025. Kwa densiti ya 1000 na nguvu ya wati 10 kwa kilo, kipenyo ni nusu milimita. Anayeingiza 25 bila kugeuza atapata tone la zaidi ya sentimita 3, nalo halitaonekana katika jagi lolote. Je, mmegeuza?

Naiwasha blenda. Subirini, kamera imenasa jambo: hivyo vinavyometameta si mafuta, ni viputo vya hewa. Naizima, najaza maji hadi mdomoni, nafunika, tunaanza upya. Hayo ya rangi ya manjano ndiyo matone yetu.

Hakikisheni pia kwamba tone ni kubwa kuliko mizunguko midogo kabisa, ambayo kwa nguvu hii ina mikromita 18 hivi. Mikromita 500 zetu zimeipita mbali, kwa hiyo kanuni inafaa. Mimi hupendelea kufanya haya kwenye lahajedwali kabla ya kugusa programu yoyote nzito.

Wati 10 hizo, hata hivyo, ni wastani wa jagi zima, wala si wati zilizoandikwa kwenye mota, ambazo sehemu yake huishia kuwa joto ndani ya mota yenyewe. Karibu na visu nguvu huwa kubwa zaidi, na ndiko matone yanakopasukia. Ikifika wati 100 kwa kilo, kipenyo hushuka hadi milimita 0.2, basi wekeni safu mbili: moja ya wastani, nyingine ya visuni.