Mkono wa Farrokh

ZUHURA: Assalaam aleikum wasikilizaji. Leo tumekaa barazani kwangu hapa Mji Mkongwe, kwa hiyo vespa zikipita mtatusamehe. Mwenzangu Haji kaja na rangi kwenye kucha.

HAJI: Waaleikum salaam. Nimetoka Malindi, Bi Zuhura. Nilikuwa naandika jina kwenye omo ya boti ya mtu.

ZUHURA: Na mada ya leo kaichagua yeye: Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Nikamwambia, mwanangu, tena huyo? Kila mgeni anayepita Barabara ya Kenyatta, pale Shangani, lazima asimame apige picha mlangoni. Toka makumbusho yake yafunguliwe pale 2019 ndo hupiti kabisa. Tuseme nini ambacho hakijasemwa?

HAJI: Kwamba alikuwa mchoraji. Watu wanaijua sauti, wanayajua masharubu. Lakini chuoni yule hakusomea muziki, alisomea kuchora.

ZUHURA: Hebu tuanze mwanzo, wasikilizaji wasipotee. Kazaliwa hapa Unguja, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi. Baba yake keshia wa Mahakama Kuu. Akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, huko akapiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Akarudi 1963. Mwaka wa pili yake Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London.

HAJI: Na 1966 akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akasomea usanifu wa michoro, akamaliza 1969. Alimchora sana Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa. Halafu yeye na Roger Taylor, huyu aliyekuja kuwa mpiga dramu wa Queen, wakafungua kibanda Kensington Market. Mwanzo wakiuza michoro, yake na ya wanafunzi wenzake. Baadaye wakageukia nguo kuukuu.

ZUHURA: Mitumba!

HAJI: Mitumba, kama Darajani. Na mimi sihitaji kuelezwa kwa nini mtu aache kuuza michoro auze makoti.

ZUHURA: (anacheka) Haya, usilie hapa.

HAJI: Sasa ile nembo ya Queen. Aliichora mwenyewe, kabla albamu yao ya kwanza haijatoka 1973. Nimeikuza kwenye simu, itazame. Katikati herufi Q, ndani yake taji. Simba wawili wameishika huku na huku. Juu ya Q kaa, na moto unapanda. Chini wasichana wawili wenye mbawa. Halafu juu ya wote ndege mkubwa kabisa, yule wa kwenye hadithi anayefufuka kutoka majivuni.

ZUHURA: Hebu lete. Simba, kaa, wasichana... Haji, hii si falaki? Asadi, Saratani, Sumbula!

HAJI: Ndiyo hiyo! Wenzake wa bendi, Taylor na John Deacon, nyota yao Simba, ndo maana simba wawili. Mwenzao Brian May ni Kaa. Na yeye mwenyewe, wa Septemba, Mashuke: hao wasichana.

ZUHURA: Yaani marehemu mjomba wangu aliyekuwa akipiga bao angeisoma hii bila kujua hata jina la bendi.

HAJI: Lakini mimi kilichonishika ni jambo jingine. Angalia alivyopanga. Vitu saba vinane kwenye sehemu moja, na jicho halipotei. Mimi jana herufi nne tu kwenye ubao uliopinda, ya tatu imeniinamia kama mlevi. Ukiona mtu kapanga hivi, ujue kafuta sana.

ZUHURA: Sasa kuna wanaosema haya kayatoa kwenye milango yetu ya nakshi.

HAJI: Hapana, tusimpakazie. Milango yetu ina mayungiyungi, ina minyororo, ina maandishi. Kama kuna kitu alikibeba kutoka hapa, mimi nakisia ni ile ngao ya serikali ya Kiingereza, yenye simba na farasi wa pembe moja. Mtoto wa keshia wa mahakama, zama za wakoloni, angeikosaje? Lakini nakisia tu. Hata London ilikuwa imejaa.

ZUHURA: Kuna mengine ya maisha yake ambayo hapa kwetu huzua ubishi, leo hatuyagusi. Mimi nataka kuuliza pesa. Ule mnada wa vitu vyake wa 2023?

HAJI: Sotheby's, London. Karatasi 15 alizoandikia wimbo wao Bohemian Rhapsody kwa mkono wake, na kukatakata maneno, zimeuzwa karibu pauni milioni 1.4. Ukizitazama, kumbe kwanza aliandika "Mongolian", akaikata.

ZUHURA: Milioni kwa karatasi iliyokatwakatwa! Sasa nisikilize na mie. Ulipotaja mwanamuziki mchoraji, mimi hakunijia huyo. Kanijia Bi Kidude.

HAJI: Bi Kidude alichora?

ZUHURA: We, mtoto wa kiume, utajuaje! Fatuma binti Baraka, huyu aliyepewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, 2005. Dunia inamjua kwa taarabu na ngoma ya unyago. Hapa mjini wanawake tulimjua pia kwa hina. Maharusi walimpelekea mikono. Hiyo si kuchora? Unakata ua kwenye kiganja chenye jasho, bibi harusi anacheka, huwezi kufuta. Ukikosea umekosea.

HAJI: Kumbe kazi yenu ngumu kuliko yangu.

ZUHURA: Na wiki mbili tatu imekwenda na maji. Bibi katutoka Aprili 2013, na ile michoro haina hata mmoja wa kupeleka mnadani. Nadhani hata mwenyewe angecheka, ukimwambia uweke mkono wa bibi harusi kabatini.

HAJI: (kimya kidogo) Ningependa kuona hata picha moja.

ZUHURA: Tafuta kwenye albamu za harusi za mama zenu. Haya, na hiyo boti umeimaliza?

HAJI: Bado. Mwenyewe sasa anataka na simba pembeni ya jina.

ZUHURA: Mmoja?

HAJI: Wawili. Kwa pesa ya mmoja.