Ndiyo, nililipa zaidi ya milioni tatu kumtibu paka. Naomba mnisikilize

Mugonile, watu wangu. Na nyie msiotoka Rungwe, hamjambo. Leo niko nyumbani Uyole kwa mama, ndiyo maana mnaniona na kitenge juu ya sweta, baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua. Sikupanga kurekodi likizoni. Ila tangu niseme kwenye ile video ya Pasaka kwamba kule Ujerumani nimelipia matibabu ya paka shilingi milioni tatu na ushee, swali ni lile lile kila siku: "Dada, paka?" Na mmoja akaandika kwamba pesa ya paka ninayo, ya ada ya mtoto wa kaka yangu sina. Huyo ni ndugu yangu wa damu, namfahamu. Nilisoma maneno yale nikiwa kwenye tramu, natoka zamu ya usiku, machozi yakanitoka mbele za watu.

Ada ya Januari nilituma. Ujumbe wa muamala ninao mpaka leo.

Sijisifu, na wala silalamikii Ujerumani, nchi inayonipa kazi. Nahudumia wazee, mshahara wangu hauna siri. Yule paka nilimchukua kwenye kituo cha kutunza wanyama walioachwa, alikuja na jina lake, Moritz, mimi namwita Morisi. Msidhani walinikabidhi tu. Nilisaini mkataba wa kurasa kadhaa, mtu akaja kukagua chumba changu, akapima hadi dirisha kama paka anaweza kudondoka. Kuna mwaka nilitafuta chumba cha kupanga na hakuna aliyenikagua kwa upole namna ile, lakini hayo tuyaache.

Mwezi wa pili, Jumamosi usiku, Morisi akawa anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Mara saba, mara nane. Mchanga mkavu. Halafu akaanza kulia sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikampeleka kliniki ya zamu. Daktari akauchukua mkono wangu akauweka chini ya tumbo la Morisi: kitu kigumu kama chungwa bichi. Kibofu. Paka dume ana njia nyembamba sana ya mkojo, vichembe kama mchanga vikichanganyika na ute vinaiziba. Mkojo ukikaa ndani, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku moja, mbili, basi.

Sasa pesa. Kule madaktari wa wanyama wana kanuni ya ada ya nchi nzima, mpya ilianza Novemba 2022. Kumwangalia paka tu ni euro 23.62. Usiku na wikendi kila kitu kinazidishwa angalau mara mbili, inaweza kufika mara nne, na juu yake euro 50 za dharura, na juu yake tena kodi asilimia 19. Akapigwa dawa ya usingizi, akawekewa mpira wa mkojo, dripu, vipimo vya damu, akalazwa siku tatu. Euro 1,140. Na kabla hawajamgusa nilisaini makadirio ya gharama, nikatoa kitambulisho, nikalipa nusu. Nyingine nalipa kwa awamu sita.

Mtaniuliza bima. Nilikuwa nayo! Nilijiunga Desemba, kumbe kuna miezi mitatu ya kusubiri. Nikaandika barua mbili kwa Kijerumani changu hiki hiki. Wakajibu kwamba hawalipi, na kuanzia sasa ugonjwa wowote wa mkojo wa Morisi hawauhusu. Yaani nakatwa kila mwezi kwa paka ambaye ugonjwa wake wenyewe umetolewa kwenye bima. Hilo linaniuma kuliko ile euro elfu.

Lakini sikulipa kwa sababu ya Uzungu, kama mnavyosema. Pale mkono wangu ulipogusa lile tumbo nilimkumbuka Chui, paka wetu wa hapa hapa, aliyekuwa analinda mahindi ghalani. Nilikuwa darasa la tano. Alikuwa anachuchumaa kwenye majivu nje ya jiko, analia, hakuna kitu. Tukasema amefunga choo, tukamnywesha mafuta ya kula. Jirani akasema kala panya mwenye sumu. Siku ya tatu nikamkuta chini ya gunia, amekakamaa. Miaka yote hii niliamini ni sumu. Haikuwa sumu, jamani. Ulikuwa mkojo, na mimi ndiye niliyeshika kile kijiko cha mafuta.

Kwa hiyo nasema kwa upande wangu tu, kila mtu na mfuko wake. Dume akichuchumaa bila kutoa mkojo, usisubiri kesho. Najua madaktari wengi wa mifugo huku Mbeya siku yao inaishia kwa ng'ombe wa maziwa na kuku, ila waliosoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, paka wamefundishwa. Tafuta namba ya mmoja sasa hivi, paka akiwa mzima, umuulize kama ana mpira mwembamba wa mkojo wa paka. Na paka akiwa mzima, mwekee maji mengi ya kunywa.

Panadol usimpe hata kipande. Ini lake haliwezi kuichakata, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinabadilika rangi, kidonge kimoja kinaweza kuua. Viroboto mnavijua, ila dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake, wala ya mbwa yenye permethrini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, jina lisiwadanganye.

Huyu anayepita nyuma yangu ni wa mama, bado mdogo, dume. Jana afisa mifugo amekuja kumchanja, mama akamuuliza mwenyewe habari za mkojo kabla sijafungua mdomo.

Na wewe ndugu yangu, najua utaitazama hii. Zimebaki awamu mbili, ya mwezi huu na wa nane. Mwezi wa tisa natuma ya ada.