Damu Ilichukuliwa Saa Ngapi?

Asanteni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie upimaji wa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupeana taarifa, na najua wengine mmekuja kusikia habari za mashine. Mashine tutazifikia. Nianze na chawa.

Chawa wa mwilini hubeba bakteria wa homa ya vipindi, na Ethiopia wanaujua vizuri ugonjwa huo. Kwetu ndugu yake huletwa na papasi, wale wajifichao kwenye nyufa za nyumba za udongo. Dawa ipo: penisilini. Lakini mdunge mgonjwa, na baada ya saa moja au mbili hivi anaanza kutetemeka hadi kitanda kinalia. Joto linapanda, kisha shinikizo la damu linashuka. Wapo wanaofia hapo, na dawa imefanya kazi yake barabara.

Kwetu wapimaji, hali hii ina jambo adimu: saa ya kuanza inajulikana. Mgonjwa wa nimonia akifika wodini, nani ajuaye mwili wake umeanza kupigana lini? Wa penisilini unamjua kwa dakika. Ndiyo maana matokeo kutoka kwa wagonjwa wa Ethiopia, yaliyochapishwa 1992, yalionyesha wazi saitokini tatu, TNF, intaleukini-6 na intaleukini-8, zikipanda kwenye plazima, yale maji ya damu yasiyo na seli, wakati bakteria wanatoweka. Mwaka 1996 ikaja hatua iliyonifurahisha zaidi. Wagonjwa 20 walipewa kingamwili za kuizuia TNF kabla ya penisilini. 10 wakapata mtetemeko. Kati ya 29 ambao hawakupewa, walioupata ni 26. Kumbe TNF haikuwa mpita njia pale.

Sasa, saitokini hazingoji mtu. Mtu mwenye afya aliyejitolea kwa utafiti akidungwa endotoksini kidogo, yaani sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria, TNF yake hufika kileleni kwenye dakika 90 hivi, intaleukini-6 ikifuata nyuma yake. Chukua damu kesho yake asubuhi, uandike kwamba TNF haionekani. Hujasema uongo, ila umempoteza daktari.

Mashine, basi. Kwenye kipimo cha maabara kiitwacho ELISA, kingamwili zilizobandikwa chini ya kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya plastiki, hunasa saitokini, kingamwili za pili zenye kimeng'enya huja juu yake, rangi inatokea, tunaisoma. Tunahesabu pikogramu, yaani gramu moja igawanywe mara trilioni. Intaleukini-6 ya mtu mzima wa afya ni pikogramu chache kwa mililita. Kwenye sepsisi kali, maambukizi yanapoufanya mwili kujidhuru wenyewe, inaweza kufika maelfu. Kwa hiyo sampuli ya mgonjwa mahututi izimue kwanza, la sivyo rangi itagonga dari na utabaki kukisia.

Lakini makosa mengi niliyoyaona hayakutokea kwenye mashine. Yalitokea mezani. Seli nyeupe ndani ya tyubu ya kifuniko cha zambarau bado ziko hai, jamani! Zinaweza kuendelea kutoa saitokini huku tyubu ikimsubiri bodaboda tangu asubuhi. Izungushe mapema kwenye mashine ya kutenganisha damu, toa plazima, igawe kwenye vichupa vidogo, igandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kilichoyeyuka kisirudi kwenye friza kimyakimya. Na fomu isiyo na saa ya kuchukua damu mimi huirudisha, hata anayeileta awe profesa. Wananinunia, tumezoeana.

Dada pale nyuma ameuliza: zahanati isiyo na ELISA itumie CRP, ile protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi? Itumie, dada, ni rahisi na inasaidia. Ila kumbuka CRP hutengenezwa na ini baada ya kuamrishwa, hasa na intaleukini-6. Huanza kupanda baada ya saa 6 hivi, na kilele chake ni kama siku ya pili. Kwa hiyo mtoto aliyeanza kuchemka saa mbili zilizopita, CRP yake ikiwa chini, usimruhusu aende nyumbani kwa sababu ya namba hiyo. Mpime tena kesho.