Chagua Dari ya Volteji na Joto Kwanza, Kasi Itafuata

Karibuni watazamaji. Leo tunapandisha kasi ya prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta (kwa Kiingereza, overclocking), lakini hatutafuti rekodi. Tunatafuta kompyuta itakayowaka kesho, mwezi ujao na miaka kadhaa ijayo, ikiwa na kasi iliyozidi kidogo ile iliyotoka nayo kiwandani. Wengi huanza kwa kuchagua gigahetsi wanazozitamani, kisha wanamwaga volteji mpaka prosesa ikubali. Sisi tutaanza upande wa pili: tunaweka dari ya volteji, tunaweka dari ya joto, halafu kasi inafika pale itakapofika.

Sababu ni hii. Wati zinazoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba. Ukitoka volti 1.20 kwenda 1.35 umeongeza asilimia 12.5 tu. Hata kama hukugusa kasi, wati zimepanda kwa takriban asilimia 27, na zote zinageuka joto ndani ya kipande kidogo cha silikoni.

Kuna na uharibifu ambao macho hayauoni. Elektroni zinapopita kwa wingi kwenye nyaya nyembamba za ndani, zinasukuma atomi za chuma kutoka mahali pake, na waya unakonda polepole. Mhandisi James Black aliuandikia mlinganyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Unaonyesha kwamba mkondo mkubwa hufupisha maisha ya waya, na joto likipanda maisha hayo hupungua kwa kasi kubwa sana. Kwa hiyo volteji na joto ni mzigo mmoja. Usivipime kila kimoja peke yake.

Hatua ya kwanza: ijue prosesa yako. Tafuta modeli kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji, uangalie kiwango cha juu cha joto. Ryzen 7 5800X ya AMD ni nyuzi 90 za Selsiasi. Ryzen 7 7800X3D ni 89. Core i9-13900K ya Intel ni 100. Namba hizo ni mahali ambapo prosesa huanza kujipunguzia kasi ili ijilinde, kwa hiyo usizifanye shabaha. Ryzen 7000 za kawaida ni habari tofauti kidogo: AMD ilizitengeneza zifike nyuzi 95 chini ya mzigo mzito, kwa hiyo ukiziona hapo bila kugusa kitu, usishtuke.

Hatua ya pili ndiyo ninayoomba usiiruke. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijaanza), rudisha mipangilio yote ya kiwandani, kisha washa kompyuta na ufungue HWiNFO, programu inayoonyesha volteji na joto. Endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo, ikitumia koa zote (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) kwa dakika 10. Andika mambo matatu: volteji wakati mzigo umekaa, joto la juu kabisa, na joto la chumba.

Hapa watu wengi hudanganyika, kwa hiyo twende taratibu. HWiNFO itakuonyesha VID, halafu itakuonyesha Vcore. VID ni volteji ambayo prosesa inaiomba. Vcore ni ile inayopimwa. Sisi tunaifuata iliyopimwa. Jambo la pili: kwenye Ryzen, kompyuta ikiwa na kazi nyepesi, unaweza kuona volti 1.40 na zaidi zikiruka kwa muda mfupi. Ni kawaida. Koa moja au mbili ndizo zinazofanya kazi, na mkondo ni mdogo. Mtu akiona hivyo anasema, "Basi na mimi nitaweka 1.40 ya kudumu kwa koa zote." Hapana! Volteji ileile ikibebwa na koa zote chini ya mzigo, mkondo wake ni mwingine kabisa. Namba unayoitaka ni ile uliyoiandika Cinebench ikiwa katikati ya kazi.

Hatua ya tatu: weka dari ya volteji. Mimi hutumia kanuni rahisi: nachukua volteji ya kiwandani chini ya mzigo wa koa zote, naongeza volti 0.05, basi. Kwa Ryzen 3000 na 5000 ikiwekewa volteji ya kudumu, sipendi kuvuka 1.25, hata kipoza kiwe kikubwa namna gani. Huo ni uamuzi wangu wa matumizi ya kila siku, na nauona bora kuliko kunakili namba ya mtu ambaye huijui prosesa yake. Vipande viwili vya modeli moja havifanani. Kimoja kitashika kasi fulani kwa volti 1.20, kingine kitadai 1.28.

Kabla hujaendelea, sasisha BIOS. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua, na AMD ikafunga volteji ya SoC isivuke 1.3. Volteji hiyo si ya koa, ni ya sehemu nyingine za prosesa, kama ile inayoendesha memori. Huwa inapandishwa kimyakimya unapowasha EXPO, mpangilio wa BIOS wa kuharakisha memori, kwa hiyo ikague hata kama koa hujazigusa. Mwaka 2024 Intel nayo ilitoa maikrokodi 0x129 (programu ndogo ya ndani ya prosesa, huja na sasisho la BIOS) kwa prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilizokuwa zikichakaa mapema, ikizuia maombi ya volteji yanayovuka 1.55. Usiione 1.55 ukadhani ni ruhusa. Ni ukuta wa kuzuia miruko, na kwa mzigo wa koa zote iko mbali mno na usalama.

Hatua ya nne: tafuta kwenye BIOS sehemu iliyoandikwa Load-Line Calibration. Mzigo ukiingia, volteji hushuka kidogo, na imepangwa hivyo makusudi. Mpangilio huu hupunguza mshuko huo. Ukiuweka kiwango cha juu kabisa, mzigo ukiondoka ghafla volteji huruka juu ya ile uliyoiweka, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba HWiNFO haiwezi kuuona. Chagua kiwango cha kati. Na kama madabodi yako inaruhusu, tumia hali ya Offset au Adaptive, ambapo volteji hupanda na kushuka kulingana na kazi, badala ya volteji ya kudumu, ili prosesa ipumzike isipokuwa na kazi.

Hatua ya tano: dari ya joto. Kwa programu nzito ya kupima mimi husimama nyuzi 85, na ninafurahi zaidi michezo na kazi za kawaida zikikaa chini ya 75. Sasa rudi kwenye joto la chumba uliloandika. Chumba kikipanda nyuzi 9, prosesa nayo itapanda karibu 9. Ukipima leo chumba kikiwa na 24 ukapata 82, siku chumba kitakapofika 33 utakuwa kwenye 91. Kwa hiyo hesabu kwa siku ya joto kali, si kwa usiku wa baridi uliopimia. Madabodi nyingi zina mahali pa kuandika kikomo cha joto. Andika 85 hapo, ili hata ukisahau, prosesa ijizuie yenyewe.

Hatua ya sita, sasa tunapandisha. Ongeza megahetsi 100, washa, endesha Cinebench. Ikipita, ongeza tena. Ikiganda au ikijizima, au ukigusa dari yoyote kati ya zile mbili, rudi nyuma hatua moja. Usiguse volteji, dari imeshawekwa. Kisha endesha OCCT au Prime95, programu za kupima utulivu kwa mzigo mzito, kwa saa nzima. Prime95 ikitumia maelekezo ya AVX (amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo) huchemsha kuliko karibu kazi yoyote ya kawaida, kwa hiyo kaa karibu na uangalie joto kwa dakika za mwanzo.

Baada ya saa hiyo, fungua Event Viewer ya Windows, yaani daftari lake la matukio, utafute WHEA-Logger, inayorekodi makosa ya vifaa. Onyo namba 19 maana yake prosesa ilikosea ikajisahihisha. Kompyuta haikuganda, lakini bado haijatulia. Punguza megahetsi 50 au 100, upime upya. Hata kama hakuna onyo, mimi hupunguza hatua moja ya mwisho kama akiba.

Andika mipangilio yote kwenye karatasi, pamoja na tarehe. Prosesa yangu moja ya zamani niliipa volteji nyingi kupita kiasi. Baada ya mwaka hivi, kasi iliyokuwa imetulia ikaanza kugandisha kompyuta, na nisingejua kilichobadilika kama nisingekuwa na namba za mwanzo. Wewe ukiona hivyo, kwanza safisha vumbi kwenye kipoza na ulinganishe joto na lile la kwenye karatasi. Joto likiwa lilelile na bado inaganda, usiongeze volteji. Punguza kasi.